Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe na Mizani ya Historia ya Sanaa

Elimu ya historia ya sanaa ni elimu ya kulinganisha. Mwanafunzi aingiapo chuoni huwekewa mbele yake, katika muda wa mihula michache, kazi za mikono ya watu wa nchi nyingi na karne nyingi: michoro ya mapangoni, masanamu ya Misri, marumaru ya Wayunani, makanisa ya Ulaya, vichwa vya shaba vya Ife na Benin. Hapana akili iwezayo kuvipokea vyote hivi bila ya kuvipanga, wala hapana mpango usio na mizani ndani yake. Makala haya yahusu mizani hiyo. Nataka kuuliza kama ni ya haki, na nitaipima kwa kitu kimoja kidogo kutoka pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, nacho ni ng'ombe wa chuma wa wafalme wa Karagwe.

Swali hili lilinijia kwa sababu ya mwenzangu mmoja chuoni, kijana wa Kyerwa. Aliweza kutaja bila ya kusita aina tatu za nguzo za Kiyunani na kuzichora kwa kumbukumbu. Siku moja nilimwuliza kwao kuna sanaa gani. Akanijibu kwamba kwao hakuna sanaa, kuna migomba na ng'ombe tu. Alisema hivyo bila ya aibu wala huzuni, kama mtu asemaye kwamba kwao hakuna bahari. Utulivu wa jibu lake ndio ulionisumbua. Elimu iliyompa macho ya kuiona Athene ilikuwa imemfumba macho asione nyumbani, naye hakuhisi kwamba amepoteza kitu.

Ufalme wa Karagwe ulitawaliwa na ukoo wa Abahinda katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilitengwa ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Makao mashuhuri ya wafalme hao yalikuwa Bweranyange. Hapo palitunzwa vitu vya enzi, na miongoni mwake zilikuwamo ngoma, mikuki, nyundo na fuawe za chuma, na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mwili wa sanamu hizo ni mwembamba, miguu ni minne iliyosimama, na pembe ni ndefu kupita kiasi cha mwili, zimepinda kwenda juu kama pembe za ng'ombe wa nchi ile.

Katika Novemba 1861 walifika kwa Mukama Rumanyika wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiitafuta chemchemi ya Nile. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu mkubwa, na Speke alimsifu sana katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1863. Katika kitabu hicho mna maneno machache juu ya sanamu za ng'ombe. Speke aeleza kwamba zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara kilichokuwa karibu na makao ya mfalme, na kwamba zilitengenezwa ili kumfurahisha mfalme. Kisha aendelea na safari yake.

Maneno ni machache, lakini yamebeba hukumu mbili. Hukumu ya kwanza ni kwamba kitu hiki ni cha mchezo. Ya pili ni kwamba kimefanywa na wageni. Wafanya biashara wa Kafuro walileta kweli vitu vya madini katika Karagwe, na si ajabu kama baadhi ya mapambo aliyoyaona Speke yalitoka mikononi mwao. Lakini kwa hukumu ya pili alisahau nchi aliyokuwa akiikanyaga. Katika mkoa huu wa Kagera, kando ya Ziwa Viktoria, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Watu waliofua chuma kabla ya kuja kwa jahazi za Waarabu hawakuwa na haja ya kungoja misafara ya karne ya 19 ili wafundishwe kumfua ng'ombe, mnyama waliyemjua kuliko mgeni yeyote.

Hukumu ya kwanza ni nzito zaidi, nayo yakanushwa na mahali penyewe palipowekwa sanamu. Hazikutupwa uani pa watoto. Zilikuwa pamoja na alama za utawala. Jambo hilo si la Karagwe peke yake. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Rwanda, kaburi la Mwami Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, zilikutwa humo nyundo za chuma zilizolazwa chini ya kichwa cha marehemu. Nyundo iliyopewa heshima ya kuwa mto wa mfalme haikuwa chombo cha kazi tu. Katika falme za maziwa makuu, chuma kilikuwa lugha ya enzi, na mtu asiyeijua lugha husikia kelele mahali pasemwapo maneno.

Miaka 15 baada ya Speke, katika 1876, Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika huyohuyo akaonyeshwa nyumba ya hazina. Stanley alikuwa na jicho kali la mwandishi wa magazeti. Aliorodhesha alivyoviona: mabata ya shaba ya manjano yenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu za wanyama wa porini, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Orodha yake ina manufaa kwetu na twapasiwa kumshukuru. Lakini naye alizihesabu kuwa ni kazi za ufundi duni. Mizani yake ilikuwa kufanana: bata hupimwa kwa bata wa ziwani na ng'ombe kwa ng'ombe wa malishoni, na pale kitu kisipofanana, mkono wa fundi ndio uliokosa. Hakuuliza kama fundi aliyeweza kuunganisha bawa la shaba nyekundu na mwili wa shaba ya manjano alishindwa kweli kutia kichwa, au hakukitaka. Tena katika kurasa hizo, za Speke na za Stanley pia, jina la mfalme limo, na la mhunzi halimo.

Basi tuitazame kazi yenyewe, kwanza kwa mali yake. Chuma cha matanuri yetu ya kale hakikuyeyuka kikamiminika kama maji. Kilitoka tanurini kama donge lenye matundu na takataka, kikasafishwa kwa moto na nyundo. Vichwa vya Ife na Benin vilisubiwa: fundi aliumba umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaiyeyusha nta itoke, akamimina madini mahali pake. Aliyeumba kwa nta aliweza kusahihisha kope na mdomo kwa kidole. Mhunzi wa Karagwe hakuwa na nafasi hiyo. Pembe ndefu ilivutwa kutoka katika chuma chekundu, pigo baada ya pigo, kabla hakijapoa. Kosa moja, pembe yavunjika. Wembamba wa ng'ombe huyu, ambao mgeni aliweza kuuona kuwa ni upungufu, ni alama ya ushindi wa mkono juu ya mali iliyo kaidi.

Pili tuitazame kwa maana yake. Katika Karagwe ng'ombe alikuwa utajiri na fahari ya watawala wafugaji. Chuma kilikuwa kazi ya mafundi, na jembe lililotoka humo lilikuwa riziki ya wakulima. Ng'ombe wa kweli hutoa maziwa kisha hufa. Chuma hakitoi maziwa, lakini hudumu. Naona katika sanamu hii mambo mawili yaliyoushika ufalme yamefungwa pamoja katika mwili mmoja: zizi na kiwanda cha mhunzi. Mfalme mwenye ng'ombe wa chuma alidai kuwa bwana wa wote wawili, mwenye fimbo na mwenye nyundo, na kwamba mifugo yake haimalizwi na maradhi wala vita. Hii ni tafsiri yangu, na msomaji ana haki ya kuikataa. Lakini hata akiikataa atakuwa amekwisha kubali kwamba sanamu ina jambo la kutafsiriwa. Mchezo wa kumfurahisha mtu hauhitaji tafsiri.

Sasa turudi chuoni. Kitabu cha E. H. Gombrich kiitwacho The Story of Art, kilichotoka mwaka 1950, kimewafundisha wanafunzi wengi duniani kuliko pengine kitabu kingine chochote cha somo hili, nami ni mmoja wao. Kimeandikwa kwa upole na kwa lugha safi. Lakini tazama mpango wake. Kichwa cha shaba cha Ife, kazi ya zama za wafalme, kimewekwa katika sura ya kwanza, pamoja na michoro ya mapangoni ya Ulaya iliyo na umri wa maelfu mengi ya miaka. Wakati kichwa kile kikisubiwa, makanisa makubwa ya Ulaya yalikuwa tayari yamesimama au yanajengwa; makanisa hayo yamepewa sura zao mbele, kila moja katika karne yake. Mwanafunzi asomaye hivyo hujifunza, bila ya kuambiwa, kwamba Ulaya ina tarehe na Afrika ina mwanzo tu. Ndiyo maana Jan Vansina alipoandika kitabu chake juu ya historia ya sanaa katika Afrika, kilichotoka mwaka 1984, alisisitiza neno historia: kila kazi ina wakati wake, mahali pake, na watu waliomwagiza fundi.

Lakini liko kosa lingine, nalo ni letu. Kati ya Desemba 1945 na Januari 1946 Pablo Picasso alichapa picha 11 za fahali kwa ufundi wa kuchora juu ya jiwe. Katika za mwanzo fahali ana nyama na manyoya; hatua kwa hatua vikapunguzwa, hata katika ya mwisho ikabaki mistari michache tu. Mtu akiiweka picha hiyo ya mwisho kando ya ng'ombe wa Karagwe, hushikwa na furaha akasema: wahunzi wetu walimtangulia Picasso. Sifa hiyo ni tamu, nayo ni sumu. Picasso alianza na mnyama kamili akaondoa. Mhunzi alianza na donge la chuma akavuta. Mmoja alikuwa akijiuliza mstari waweza kubeba nini. Mwingine alikuwa akimtengenezea mfalme alama ya enzi. Kumsifu mhunzi kwa kumfananisha na Picasso ni kumpima kwa mizani ileile ya Stanley, tofauti ni kwamba safari hii tumeifurahia hesabu. Twasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Na kweli, lakini mwenye kuishangilia asili asiyoijua naye hajawa huru.

Ulinganishi wa haki wawezekana, na mfano wake uko karibu. Katika nakshi za marumaru za hekalu la Parthenon la Athene, za karne ya 5 kabla ya Kristo, wamechongwa ng'ombe wanaoongozwa kwenda kuchinjwa kwa ajili ya mungu wa kike Athena. Sehemu ya nakshi hizo iko London tangu siku za Lord Elgin, na serikali ya Uingereza ilizinunua mwaka 1816. Waweke ng'ombe hao kando ya wa Karagwe, kisha usiulize nani bora. Uliza maswali manne: kitu hiki ni cha mali gani, na mali hiyo iliruhusu nini? Nani alikiagiza? Kiliwekwa wapi, na nani aliruhusiwa kukiona? Kilihama lini, na kwa mkono wa nani? Utaona kwamba ng'ombe wa Athene yumo katika msafara wa mji mzima, na huenda kufa. Wa Karagwe amesimama ndani ya nyumba ya mfalme, nao walioingia humo walikuwa wachache, naye amekatazwa kufa. Miji miwili imesema habari ya enzi na sadaka kwa mnyama mmoja, kila mmoja kwa lugha yake. Hakuna aliyeshinda, na mwanafunzi ameielewa miji yote miwili zaidi.

Mwalimu aliye Kyerwa ana zaidi ya hayo. Milima ya wilaya ile ina madini ya bati, na watu huyachimba. Masanamu makubwa ya Wayunani yalisubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Somo la Athene laweza basi kuanzia katika kiganja cha mwanafunzi, kwa jiwe la kwao, kisha likavuka bahari na kurudi tena nyumbani likiwa limetajirika. Somo linaloanzia mbali na kuishia mbali humwacha kijana njiani.

Mwenzangu yule sasa ni mwalimu. Hatukuonana siku nyingi, lakini mwaka uliopita aliniandikia kwamba aliwachukua wanafunzi wake Bweranyange kwa miguu, akawaambia wachore pembe za ng'ombe wa kwanza watakayekutana naye njiani, kisha waeleze kwa nini mhunzi alizirefusha. Hakuandika majibu yao. Aliandika tu kwamba walichelewa kurudi, kwa sababu walibishana.