Kabla ya Mizani

Peugeot 404 ina uzito wa tani moja na kidogo, na mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja ya kujua zaidi ya hapo. Mizani yake haiulizi umbo lile lilichorwa na nani, na kama ingeuliza ingejibiwa kwamba ni karakana ya Pininfarina ya Italia. Haiulizi pia kama gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili likiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Boneti hukatwa kwa gesi, injini hupasuliwa kwa nyundo ili alumini itengwe na chuma, na vilivyobaki hurushwa juu ya lori pamoja na mabati ya paa, vitanda vya bweni na ndoo zilizotoboka. Katika miji yetu magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yameondoka hivyo, moja baada ya jingine, kutoka uani kwa marehemu fulani au nyuma ya gereji iliyofungwa. Kwa hiyo mtu aliyebakiza miaka mitano kustaafu anapoonekana akiukokota mkweche wa namna hiyo kwa kamba kuupeleka nyumbani, majirani wakicheka, ningeomba kicheko kisubiri kidogo. Gari ni sehemu ndogo ya anachokiokoa. Sehemu kubwa ni ufundi wa mkono, ambao bila gari la kuushikia hauna pa kuishi. Na yeye, kwa umri wake na kwa mshahara wake, ni karibu mtu wa mwisho awezaye kuulipia.

Nasema kwa umri wake kwa sababu hesabu iko wazi. Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60. Kenya ilipandisha umri wa lazima kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Anayekaribia hapo leo alikuwa mtoto wa shule wakati Peugeot 504 ya safu tatu za viti ilipokuwa teksi ya masafa marefu, na Pasaka ilipokuwa siku ya kusimama kando ya barabara ya vumbi kungoja magari ya Safari yapite. Sauti zile anazo kichwani. Lakini kumbukumbu peke yake haifungui nati. Mshahara ndio unaoifungua, na hapa ndipo wengi hukosea, wakangoja kiinua mgongo. Fedha ile huja kwa mkupuo, nayo ina wenyewe kabla haijafika: ada ya kitinda mimba, paa la nyumba ya kijijini, mahari ya kijana. Gari la zamani halitaki mkupuo. Linataka kidogo kidogo kwa miaka minne au mitano: mwezi huu bomba la breki, mwezi ujao ringi za pistoni, kisha miezi mitatu ya kusaka taa ya nyuma ambayo kila muuza spea anasema aliiona wiki iliyopita. Mgongo nao una neno lake, maana kulala uvunguni ni jambo la kuzoea mapema. Ila wanaodhani miaka ya baada ya 60 ni ya kukaa barazani tu wamkumbuke Björn Waldegård, aliyeshinda Safari ya magari ya zamani mwaka 2011 kwa Porsche 911, akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia.

Huo ufundi wa mkono ukoje? Chukua madigadi moja iliyobonyea. Siku hizi hukandikwa pati, ikapigwa msasa, ikapuliziwa rangi, na jioni mwenye gari anaondoka ameridhika. Mvua mbili tatu baadaye pati inapasuka na kutu inachungulia. Fundi wa zamani hukaa kwenye kigoda akaipakata. Mkono wa kushoto unashika pande la chuma upande wa ndani, wa kulia unashika nyundo nyepesi upande wa nje, naye hapigi kwa nguvu, anagonga. Sauti humwongoza: bati lililoegemea chuma hulia kavu, lililo hewani hulia kama sufuria tupu. Akisha kugonga hupitisha kiganja polepole, mara nyingi macho yakiwa yametazama kwingine kabisa, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga. Wengine hutandika kitambaa chembamba kati ya mkono na bati ili mkono uteleze na uhisi zaidi. Kisha hupitisha tupa, na tupa husema kweli yote: palipoinuka panang'aa, palipobonyea panabaki peusi. Linabaki tatizo la bati lililotanuka, kwa maana kila pigo hulipanua, mwisho wake likawa linaingia na kutoka kama kifuniko cha kopo likiguswa kwa kidole. Hapo huwasha gesi, akapasha doa lisilozidi sarafu hadi liwe jekundu, akalizima kwa kitambaa kilicholoa maji, na bati hujikunyata. Doa moja, kisha jingine pembeni. Moto ukizidi, kazi ya siku tatu imekwenda. Vitabu vya kazi hii vipo, lakini sijui kama yupo aliyeijulia kitabuni.

Injini nazo zina adabu zilezile. Nafasi ya pointi za distribyuta ni kama sehemu nne za kumi za milimita, na asiye na kipimo huikadiria kwa kipande cha kadi. Kabureta husikilizwa. Magurudumu ya 404 hushikwa na nati tatu tu, na betri ikilala lipo tundu la hendeli mbele ya gari, ombi lililotumwa kutoka kiwandani kwa mkono wa mwenye gari. Asidhani mtu kwamba ujuzi huu umekwama katika enzi zake. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi, na zilifanya vyema, kwa sababu sumu ile ilikuwa ikiharibu akili za watoto. Lakini risasi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu katika injini nyingi za zamani, hasa za Kiingereza zenye silinda hedi ya chuma cha kusubu. Ilipoondoka, valvu katika injini hizo zilibaki bila kinga, tayari kujichimbia chumani. Dawa yake ni kuchonga upya viti hivyo na kupachika pete za chuma kigumu, kazi ya fundi wa kukereza vyuma na ya saa chache tu kwa anayeijua. Sheria ilibadilika, mafuta yakabadilika, na mkono ukaliwezesha gari la kale kuyanywa mafuta mapya.

Watasema magari ya sasa ni bora. Ni bora kweli, wala sitashindana. Yanakula mafuta kidogo, yanatoa moshi kidogo, na yakigonga yanamlinda aliyemo kwa namna ambayo 504 haikuwahi kuiota. Mwenye gari la zamani na akili timamu huliendesha Jumapili asubuhi, kabla bodaboda hazijaamka, na kwa mwendo wa kilomita chache kila wiki moshi wake si hoja kubwa katika jiji lililojaa malori. Lakini ubora wa gari jipya umekuja na mlango uliofungwa. Fundi huchomeka mashine, mashine humpa namba ya kosa, naye huagiza kifaa kizima na kutupa kizima, hata kama kilichokufa ndani yake ni waya mmoja. Hana kosa; hajaachiwa pa kuingiza bisibisi. Mazoea haya yameungana na mengine ya kwetu wenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na sheria ina sababu zake nzuri, za usalama na za hewa, ila imetuzoeza kusoma mwaka wa gari kama tunavyosoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Likipita umri wake watu hawaulizi tena lina nini. Huuliza litauzwa lini.

Pingamizi zito zaidi ni lile la tabaka. Kwamba huu ni mchezo wa wenye nacho, tena wenye harufu ya ukoloni: Safari yenyewe ilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na maonyesho ya magari maridadi yanayofanyika Nairobi tangu 1970, chini ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, kwa miaka mingi yamekuwa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Yote ni kweli. Lakini tazama gari lililoshinda Safari ya 1965. Lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mwaka uliotangulia, na walioishika, Joginder Singh na nduguye Jaswant, hawakuwa mabwana wa mashamba. Joginder alianza maisha kwa spana. Au itazame Land Rover. Ilitoka mwaka 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, ikaletwa huku kubebea maafisa wa serikali ya kikoloni. Miaka michache baada ya uhuru ilikuwa imebeba chanjo, mitihani, maiti, maharusi na mbegu za pamba. Oktoba 2024 zilipokusanyika Arusha kwa mamia, nyingi zikiwa na umri wa babu, hazikufika pale kwa hisani ya kiwanda. Zilifika kwa mafundi ambao majina yao hayamo katika kijitabu chochote cha gari, waliokata bushi kutoka kwenye matairi makuukuu na kuchora gasketi kwenye kadibodi kwa kuigonga pembezoni kwa nyundo mpaka umbo likajitokeza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa magari haya, wa huku na wa ng'ambo. Wao hutaka gari lirudi lilivyotoka kiwandani, na waamuzi wa mashindano huinama hadi uvunguni kuhakikisha hivyo. Bushi ya tairi kwao ni aibu ya kutupwa. Kwangu mimi bushi ile ni sehemu ya historia ya gari sawa na nembo iliyo puani, na kuing'oa ili kupachika mpya iliyoagizwa kutoka Ufaransa ni kumfuta fundi mmoja katika kumbukumbu. Je, basi kila kiraka ni halali? La. Ukitoa injini ya Land Rover ukaweka ya kisasa pamoja na sanduku lake la kompyuta, umepata gari linalowaka kila asubuhi na umelipeleka upande wa pili, kwa yale ambayo mkono hauruhusiwi kuyafungua. Nauweka mpaka hapo: kiraka anachoweza kukifungua fundi mwingine na akaelewa mwenzake alifikiri nini, kibaki. Nakiri ni mpaka uliochorwa na mkono unaotetemeka, na mwenye gari anayehitaji kufika hospitali usiku hatausoma.

Anayestaafu ana rika lake upande wa pili wa boneti. Fundi aliyenyoosha madigadi miaka ya 1980 naye yuko kwenye sitini zake, na wengi wa jua kali hawamo katika mfuko wowote wa pensheni. Ameuinamisha mgongo miaka arobaini na hakuna hundi inayokuja kuuinua. Wateja anaowapata wana haraka, wanataka gari jioni, na mteja wa jioni hampi nafasi ya kumfundisha spanaboi zaidi ya kumwambia lete ile, shika hapa. Mteja wa miaka minne humpa. Kwa gari lisilo na haraka kijana anaweza kuachiwa mlango mmoja auharibu, aunyooshe, auharibu tena, na mtu mwenye mshahara akalipia kuharibika kule akijua analipia nini. Sioni chuo wala mradi unaofanya hivi kwa bei hiyo. Wala sioni wateja wa aina hiyo wakiongezeka, kwa sababu atakayestaafu mwaka 2045 alikua akiona magari ambayo hata baba yake hakuwahi kuyafungua.

Karibu kila gereji kongwe ina rafu ya makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa nati na bolti. Kwa mgeni ni takataka zilizopangwa. Kwa mwenyewe kopo moja ni la Land Rover na Morris, zenye hesabu za inchi, jingine la Peugeot na Datsun, zenye milimita, na la tatu, dogo, ni la Whitworth, ambazo huingia mizunguko miwili mitatu katika tundu lisilo lao, zikaenda vizuri, kisha zikang'ata na kuharibu uzi. Hayana maandishi, yeye huyajua kwa mahali yalipo na kwa rangi ya kopo. Siku akiondoka, watoto wake watayamwaga yote katika gunia moja, walipeleke kwenye mizani. Hata angefufuka, kuzitenganisha zile nati kungemchukua mwaka.