Swali Likikosewa na Darasa Zima

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo wangu jambo moja kila mwaka: darasa zima likikosa swali, usiwachukie watoto, lisome tena swali lako. Neno hilo lilinirudia mwaka jana nilipoketi mbele ya kompyuta ya mjukuu wangu kuhakiki taarifa zangu za pensheni. Nilijaza kurasa tatu. Nilipobonyeza kitufe cha mwisho yakatokea maandishi mekundu: “Taarifa si sahihi.” Taarifa ipi? Haikusemwa. Kumbe tarehe ilitaka mwaka utangulie, na yote niliyojaza yalikwisha kufutika. Mwalimu anayesahihisha kwa kuchora mkasi mmoja juu ya daftari zima ningemwita ofisini.

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajinunulie bima ya afya. Siku hiyo ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Mitambo ilizidiwa, ni kweli, lakini aliyepanga mlango naye alikosea: mtu alitakiwa afungue akaunti kabla ya kulinganisha bei, hivyo wanunuzi na watazamaji wakasongamana mahali pamoja. Ni duka gani la kanga linalokuuliza tarehe ya kuzaliwa kabla hujaingia?

Waingereza walifanya vizuri zaidi. GOV.UK yao ya mwaka 2012 ilipata tuzo ya usanifu bora wa mwaka ya Design Museum, London, mwaka 2013, ingawa haina madoido hata kidogo. Waliwakalisha watu wa kawaida, wakatazama wanakwama wapi. Sisi tulikaa hivyo nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, daftari mkononi, kimya.

Mzee mwenzangu, fundi wa hesabu aliyefundisha miaka thelathini na zaidi, alishindwa na ukurasa uleule ulionishinda mimi. Akaenda steshenari, akamlipa kijana amjazie, akamwachia na neno lake la siri la pensheni. Nilimuuliza kama anamfahamu kijana huyo.

“Simfahamu,” akasema, “lakini hanifokei.”