Uaminifu wa Nukta

"Mbezi, nyuma ya sheli, geti la bluu." "Sinza Makaburini, mkabala na duka la dawa." "Majengo, ukifika sokoni ulizia kwa fundi baiskeli." Watu wengi wa Afrika Mashariki hueleza hivi mahali wanapoishi na wanapofanyia biashara, na kwa mwenyeji maelezo hayo yanatosha. Bodaboda akiyasikia anawasha pikipiki. Lakini kompyuta ya msambazaji wa vinywaji, au ya benki yenye mawakala kila kona, haijawahi kupita Sinza. Yenyewe inataka jozi ya namba, latitudo na longitudo, ambazo kwa pamoja huitwa majiranukta. Kati ya kauli ya mwenyeji na jozi hiyo kuna mtu. Hupokea orodha ya anwani elfu thelathini, akaigeuza kuwa nukta elfu thelathini kwenye ramani, na kampuni nzima ikazitegemea nukta hizo bila kumfahamu aliyeziweka. Ufundi wake unastahili sifa, na nitausifu kwa kueleza ulivyo.

Tuanze na faida yake. Orodha ya wateja iliyoandikwa kwa maneno humwambia mwenye kampuni ni nani ananunua. Ikishakuwa nukta, humwonyesha kwamba magari yake mawili yanapishana kila Jumatatu kwenye barabara ileile. Kwamba mawakala watano wamebanana mtaa mmoja ilhali kata ya jirani haina hata mmoja. Kwamba ghala la Ubungo linahudumia maduka ambayo yangefikiwa mapema zaidi kutokea Temeke. Mambo hayo yote yalikuwemo kwenye orodha tangu mwanzo, ila hakuna jicho ambalo lingeweza kuyaona humo.

Ufundi huu ulikomaa Marekani. Ofisi ya Sensa ya huko, ikijiandaa kwa sensa ya 1970, ilitengeneza mafaili ya DIME, yaliyoandika kila kipande cha barabara pamoja na namba za nyumba zinazoanzia na kuishia hapo. Kwa sensa ya 1990 kazi hiyo ikachukuliwa na mfumo wa TIGER, unaotumika hadi leo. Hesabu yake ni nyepesi na inapendeza. Upande wa namba witiri ukianzia nyumba namba 101 na kuishia 199, nyumba namba 149 itakuwa karibu na katikati ya kipande hicho, na nyumba za namba shufwa zitakuwa ng'ambo. Kompyuta huweka nukta hapo bila yeyote kwenda kuiona nyumba yenyewe.

Mbinu hiyo inataka namba za nyumba ziwe zimepangwa kwa mfuatano. Kwetu, kwa miaka mingi, anwani rasmi ilikuwa sanduku la posta, na sanduku la posta haliko nyumbani kwa mtu. Anayezigeuza anwani za S.L.P. bila kufikiri huwahamishia wateja wake wote posta. Postikodi 00100 ni ya Posta Kuu ya Nairobi, iliyopo Kenyatta Avenue. Mwenye kuitumia anaweza kuwa analala Ongata Rongai. Tanzania ilipiga hatua kubwa mwaka 2022, pale Operesheni ya Anwani za Makazi ilipoweka majina ya barabara na namba za nyumba kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti. Kwa fundi wetu vibao vile ni hazina. Hata hivyo, kibao kipya hakifuti mazoea, na mteja anayejaza fomu bado huandika jina la kituo cha daladala alilolijua tangu utoto.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye maneno, kabla ramani haijafunguliwa. Fundi huziketia anwani kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. "Barabara ya Morogoro", "Morogoro Rd" na "Moro Road" ni barabara moja, lakini kwa kompyuta ni tatu. Jedwali likifunguliwa kwa haraka kwenye Excel hupoteza sifuri za mwanzo, 00100 ikabaki 100. Duka lililoagiza bidhaa mara arobaini ni anwani moja tu, na kwa kuwa huduma nyingi za kugeuza anwani hutoza kwa kila ulizo, marudio lazima yaondolewe kwanza. Huduma ya umma ya Nominatim, inayosoma data ya ramani huria ya OpenStreetMap, haitozi, ila hairuhusu zaidi ya ulizo moja kwa sekunde. Anwani elfu thelathini zingechukua zaidi ya saa nane, na watunzaji wake huwaomba wenye orodha kubwa wajisimikie mfumo kwenye seva zao. Fundi mstaarabu hutii, kwa sababu kisima hicho ni cha wote.

Kisha yapo majina. Dar es Salaam kuna Mbezi Beach, kwenye Barabara ya Bagamoyo, wilaya ya Kinondoni. Na kuna Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro, wilaya ya Ubungo, kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli. Mteja akiandika "Mbezi" basi, kompyuta itachagua mojawapo bila kusita. Fundi husita. Hutazama tawi lililomhudumia mteja, husoma safu ya wilaya, hulinganisha na majirani wa orodha, ndipo aamue. Majengo ipo Mombasa, ipo Moshi, ipo Dodoma, ipo Nairobi. Barabara nazo hubadili majina: Dar es Salaam, iliyokuwa Barabara ya Pugu leo ni ya Nyerere, na Samora iliwahi kuitwa Independence, na kabla ya hapo Acacia; Delamere Avenue ya Nairobi nayo ikawa Kenyatta Avenue. Fundi mzuri hutunza jedwali lake la majina ya zamani na mapya, ya lakabu na vifupisho, na kila orodha inayopita mikononi mwake huliongeza. Jedwali hilo ni elimu ya mji mzima, na kampuni iliyo nalo ina mali ambayo haiuzwi pamoja na programu yoyote.

Namba zenyewe zina mitego yake. Dar es Salaam ipo karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa ikidondoka, mteja wa Kariakoo huibukia nyanda za juu za Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, huibukia magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Safu ikiwa tupu na programu ikaijaza sifuri, mteja huelea kwenye Ghuba ya Guinea, ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Makosa ya namna hiyo yana heri, kwa sababu yakichorwa kwenye ramani kila mtu anayaona. Yanayotisha ni yale madogo. Ramani za zamani za upimaji za Kenya na Tanzania zilitumia mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS84, na kwa mahali palepale namba za mifumo hiyo miwili huachana kwa takriban mita 300. Duka litaonekana lipo mjini, lipo hata kata ileile, ila limehamia mtaa wa pili, na hakuna atakayeshtuka mpaka dereva apige simu.

Hapa ndipo ufundi huu unapokuwa jambo la uadilifu. Mfumo wa kugeuza anwani ukiijua nyumba, hurudisha nukta ya nyumba. Ukiijua barabara tu, hurudisha katikati ya barabara. Ukiijua kata tu, hurudisha kitovu cha kata. Majibu yote matatu yanaweza kuja na tarakimu saba baada ya desimali, na kwa macho hayatofautiani. Tarakimu tatu hutenganisha mahali kwa mita 111 hivi. Tarakimu tano, kwa takriban mita moja. Saba, kwa sentimita moja hivi. Basi kitovu cha kata kilichoandikwa kwa tarakimu saba kinadai usahihi wa sentimita juu ya mtu ambaye hatujui hata mtaa wake. Anayekabidhi namba hiyo na kunyamaza amedanganya, hata kama kompyuta ndiyo iliyoiandika.

Fundi wa kweli hanyamazi. Pembeni ya latitudo na longitudo huweka safu ya tatu, inayosema nukta hii ni ya mlango, ya barabara, ya mtaa au ya kata, imetoka kwenye data ipi na imewekwa lini. Hutafuta nukta zilizorundikana, maana wateja mia mbili wenye namba zilezile hadi tarakimu ya mwisho hawaishi nyumba moja, wameangukia kitovu. Anwani asizozipata huziacha tupu na kuziorodhesha. Si jambo dogo kwa mtu aliyeajiriwa kujaza safu. Bosi anataka asilimia mia, na njia ya kumpa ipo: legeza masharti ya ulinganishaji, na kila anwani itapata nukta, yoyote ile. Anayeikataa njia hiyo, akasimama mbele ya bosi na kusema "hizi nina hakika nazo, hizi nimeishia kwenye kata, hizi sijazipata", amefanya kazi bora kuliko aliyeleta ramani iliyojaa.

Kila kiwango cha uhakika kina matumizi yake. Kwa kuamua mkoa upi ufunguliwe tawi, kitovu cha kata kinatosha. Kwa kupeleka mtungi wa gesi, hakifai. Hata nukta iliyo sahihi kabisa ina mipaka. Kati ya Kivukoni na Kigamboni, Dar es Salaam, kuna mkono mwembamba tu wa maji, lakini lori husubiri pantoni, au huzunguka Kurasini hadi Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Fundi anayeujua mji humwonya mpanga njia kabla hajapima umbali kwa rula.

Uadilifu huo unawahusu pia watu walio ndani ya orodha. Nukta ya mlango wa mtu ni siri yake, na mkononi mwa mwenye nia mbaya ni njia ya kumfikia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fundi anayeheshimu kazi yake hutuma anwani na namba ya utambulisho tu kwa huduma ya nje. Jina, simu na deni la mteja vinabaki ofisini.

Tena anajua kwamba anasimama juu ya jasho la wengine. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, kupitia Map Kibera, waliuchora mtaa wao uliokuwa kama haupo kwenye ramani. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walipita kwa miguu kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakaandika njia, mifereji na majengo kwenye OpenStreetMap. Kila afisa mauzo anayefika dukani akarudi na lokesheni halisi anaendeleza kazi hiyo.

Kwa hiyo nawaambia wenye biashara: mkikabidhiwa ramani, someni safu ya tatu kabla ya kuhesabu nukta. Mpeni fundi muda wa kusafisha, na mpeni mtu wa kwenda kuhakiki anwani zilizobaki. Anwani ngumu mara nyingi ni za duka la mwisho kwenye barabara ya vumbi, za mama lishe wa mtaa ambao haujapimwa, za mpangaji wa uani. Anwani ya mtu kama huyo ikiachwa tupu kwa uaminifu, kuna atakayetumwa kuitafuta. Ikibandikwa kwenye kitovu cha kata, imeshahesabiwa kuwa imekamilika; gari litafika mahali asipokuwepo, na taarifa itasema mteja hakupatikana. Fundi anayekubali kusema "sijaipata" ndiye anayemlindia mwenye duka huyo haki ambayo mwenye duka la Samora huipata bila kuiomba, haki ya kufikiwa pale alipo.