Kiambishi -ki- na Hesabu za Nyumbu wa Serengeti

Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilitangaza nia ya kujenga barabara kuu itakayokatiza kaskazini mwa Serengeti, kiasi cha kilomita 53 zikiwa ndani ya hifadhi. Mwaka 2011 Ricardo Holdo na wenzake walichapisha hesabu walizozifanya kwa modeli ya kompyuta juu ya nyumbu wahamao, ambao hukisiwa kufika milioni 1.3. Walionyesha kwamba makazi ya nyumbu yakigawanywa kwa kizuizi, hata bila eneo lenyewe kupungua, idadi yao yaweza kushuka kwa kadiri ya theluthi moja.

Habari hiyo yaweza kutolewa kwa Kiswahili kwa namna tatu, nazo si sawa. “Barabara itapunguza nyumbu” ni ubashiri mtupu. “Nyumbu wangezuiwa, wangepungua” huisogeza hatari mbali, kana kwamba ni dhana tu. “Nyumbu wakizuiwa, watapungua” ndiyo kauli ya modeli yenyewe: -ki- hutaja sharti liwezalo kutimia, wala halidai kwamba limekwisha kutimia.

Aiachaye -ki- kwa ajili ya wepesi wa maneno humpa mpinzani wake silaha. Mtetezi wa barabara atajibu, kwa haki, kwamba barabara si ukuta. Na akisha kuupinga ubashiri atadhani ameipinga hesabu. Sharti likitajwa, hoja hurudi mahali pake: ni magari mangapi yatapita, kwa saa zipi, na je, uzio utajengwa? Mambo hayo hayaamuliwi na kompyuta. Huamuliwa na watunga sera.

Kutafsiri modeli kwa neno “mfano” nako huleta utata, maana mfano aghalabu ni jambo lililokwisha kuwapo, au jema la kuigwa. Modeli hii si mojawapo ya hayo. Heri neno la kukopa lisilopoteza msomaji.

Mwaka 2011 Serikali iliiarifu UNESCO kwamba sehemu ya hifadhini haitatiwa lami, na tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba barabara ya lami mahali hapo ingekuwa kinyume cha sheria. Lakini lami si sharti la modeli. Sharti ni kizuizi. Njia ya changarawe nayo, magari yakizidi, yaweza kuwazuia nyumbu. Sarufi iliyohifadhi -ki- ingelisema hilo tangu mwanzo.