Weusi wa Kunguru katika Tafsiri

Al-Tha'alibi, mwanalugha wa Nishapur aliyefariki mwaka 1038, aliupanga weusi kwa ngazi katika kitabu chake Fiqh al-Lugha. Anaanza na aswad, jina la kila siku, anapitia fahim, lenye ukoo na makaa, kisha halik, hadi afike kwenye ghirbib na ghudafi. Majina hayo mawili ya kilele yote yanahusishwa na ndege wa jamii ya kunguru.

Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo hushawishika kuandika "mweusi kama kunguru". Ni kosa, wala si dogo. Kunguru wa pwani ya Afrika Mashariki si mweusi wote. Yule wa asili ana kifua cheupe kama aliyevaa fulana. Yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ana shingo ya kijivu. (Huyu wa pili ameshafika hata Jeddah, kwa hiyo Mswahili wa Aziziya akichungulia dirishani hapati msaada.)

Jambo huwa zito zaidi linapomhusu binadamu. Washairi wa kale wa Uarabuni waliozaliwa na mama weusi waliitwa aghribat al-Arab, kunguru wa Waarabu. Mashuhuri wao ni Antara bin Shaddad wa Najd, nchi ilipo Riyadh leo, mwana wa Zabiba, mtumwa wa Kihabeshi. Jina lililenga ngozi. Kwa Mswahili, kunguru ni mwizi wa jikoni, hafugiki, na methali yamtaja kuwa mwoga anayekimbiza ubawa wake. Shujaa wa vita anageuka mwoga, na rangi, iliyokuwa kiini cha dharau yenyewe, inatoweka.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili ni fukara wa rangi kwa kuwa kina vivumishi vitatu tu vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Wamehesabu vivumishi, wakasahau viigizi. Cheupe ni pe, chekundu ni ndu, cheusi ni tii. Na tii hurefushwa kuwa tititi kadiri msemaji apendavyo. Haikifananishi kitu na kingine. Inasema rangi imefika mwisho wake. Giza nalo lina totoro yake, isiyoazimwa na nguo wala ngozi.

Kwa milima ya Sura Fatir, aya ya 27, ambamo ghirbib imetumika kwa wingi wake, tii inatosha. Anayeiona kuwa ya sokoni mno hajasikiliza vizuri usahihi wake. Kwa Antara haitoshi peke yake, maana tusi la ndege ndilo alilobebeshwa. Hapo kunguru abaki, ila arudishiwe rangi aliyonyimwa na pwani: "kunguru weusi tii wa Waarabu". Ni maneno mawili ya ziada, tena katika jina la kundi, si ndani ya ubeti, hivyo hayavunji mizani ya mtu.