Kabati Lenye Amida Ndani

Ubani haufichiki. Jirani akitia punje mbili kwenye chetezo, kichochoro kizima kinajua: kuna dua, kuna mzazi, au kuna mgeni wa heshima. Sasa chukua dini ambayo madhabahu yake ya nyumbani yanataka chetezo, kinara cha mshumaa, chombo cha maua, wali uliopakuliwa sasa hivi na bakuli la shaba ambalo likigongwa mara moja mlio wake unafika uani. Halafu iweke dini hiyo chini ya mtawala anayemtesa kila atakayekutwa nayo. Hayo ndiyo yaliyowakuta watu wa Satsuma, kusini mwa kisiwa cha Kyushu huko Japani, kwa takriban miaka 300. Jibu lao, kwa sehemu kubwa, lilikuwa la kiseremala.

Madhabahu hayo ya Kibuddha Wajapani huyaita butsudani. Ni kabati la milango miwili. Ukifungua unakuta vidaraja vinavyopanda kwenda nyuma, na juu kabisa, katikati, kinakaa kile ambacho anayesali hukielekea. Watu wa madhehebu ya Zen huweka sanamu ya Buddha Shakyamuni, wa Shingon humweka Buddha Dainichi. Familia nyingi huongeza vibao vyembamba vyenye majina ya marehemu, kwa hiyo kabati huzidi kujaa kadiri ukoo unavyozeeka. Vitu vya namna hiyo huwezi kuvizoa kwa mkono mmoja hodi ikipigwa usiku.

Madhehebu yaliyopigwa marufuku Satsuma, Jodo Shinshu, yana mizigo michache zaidi. Mwasisi wake, Shinran (1173–1262), alifundisha kwamba mtu haokoki kwa bidii yake bali kwa nadhiri ya Buddha Amida, na fundisho hilo linaingia mpaka kwenye upangaji wa vyombo. Vibao vya marehemu havitumiki. Kikombe cha maji hakiwekwi: aliyekufa keshapokelewa katika Nchi Safi ya Amida, hakai ndani ya kabati akiona kiu. Kisha akaja Rennyo (1415–1499), ambaye kwake picha ilikuwa bora kuliko sanamu, na jina bora kuliko picha. Akawa anaandika kwa mkono wake magombo yenye herufi sita za Kichina, Namu Amida Butsu, na kuwagawia waumini. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo kila kitu kilipoamuliwa, kabla hata ya marufuku yenyewe. Kitu cha lazima kilibaki kimoja tu, nacho ukikikunja kinakuwa chembamba kama mwanzi.

Marufuku ya mwaka 1597, iliyotolewa na ukoo wa Shimazu uliotawala Satsuma, haikuzuka hewani. Mwaka 1488 waumini wa madhehebu haya walimpindua mtawala wa jimbo la Kaga na wakaliendesha wenyewe kwa karibu miaka 100. Kutoka 1570 hadi 1580 hekalu lao la Ishiyama, ambalo lilikuwa ngome hasa, lilimsumbua Oda Nobunaga mwenyewe, mbabe wa vita wa zama hizo. Isitoshe, sadaka zao zilikuwa zinatoka jimboni kwenda Kyoto, makao makuu ya madhehebu, na hakuna mtoza kodi anayependa hilo. Aliyeshukiwa alipigishwa magoti juu ya mbao zenye kingo kali, akapakatishwa mawe mazito mpaka aseme. Jiwe moja limehifadhiwa hadi leo kwenye hekalu la madhehebu hayo mjini Kagoshima, humo humo Satsuma. Linaitwa jiwe la machozi.

Sasa tulitazame kabati la maficho la Satsuma. Kwa nje ni kabati la kawaida la kuwekea nguo: mbao zisizo na nakshi, vishikio vya chuma, droo. Fungua milango, na macho yanapigwa na dhahabu: nguzo, paa dogo la hekalu, vidaraja, na Amida katikati. Urembo wote, ambao fundi wa butsudani angependa uonekane tangu mlangoni, umesukumwa ndani. Nje amejizuia asionyeshe ufundi wowote. Ukiniuliza, hiyo ya pili ndiyo kazi ngumu, maana fundi mwenye mkono mzuri huona uchungu kuacha ubao mtupu. Dhahabu nayo si ya majivuno. Katika chumba chenye giza, yale majani membamba ya dhahabu hurudisha mwanga wa mshumaa mmoja ukawa kama wa mishumaa kumi.

Na kabati la nguo lilichaguliwa kwa akili. Kina chake kinatosha vidaraja, na hakuna anayeshangaa likikaa chumba cha ndani. Wenye makasha ya Zanzibar yenye droo za siri watatabasamu hapa, ila kuna tofauti. Kasha letu huficha droo. La Satsuma halikuficha sehemu yake yoyote. Lilificha kwamba lenyewe ni nini.

Kulikuwa na njia ndogo zaidi. Kisanduku chembamba kilichongwa mithili ya kibao cha kukatia mboga, gombo likiwa ndani, kikakaa jikoni. Kingine kilipewa umbo la mwavuli uliofungwa. Kibao nakipa alama zote: mpekuzi hupekua palipofungwa, na kibao kiko wazi miongoni mwa vyungu. Mwavuli sina hakika nao. Mvua ikinyesha na mwenyewe akakataa kuufungua, atajieleza vipi?

Lakini turudi kwenye ubani. Seremala hawezi kuficha harufu wala sauti, na ibada hii ni ya sauti, kwa kuwa jina la Amida hutamkwa. Hapo waumini walitenganisha vitu viwili ambavyo butsudani huviunganisha: gombo likabaki nyumbani, sauti ikapelekwa porini. Walikutana usiku mapangoni, na baadhi ya mapango hayo, kama lile la Hanao, yanatembelewa mpaka leo. Vikundi vyao vya siri, vilivyoitwa ko, vilichanga fedha na kuzifikisha Kyoto kwa kificho. Yaani kile hasa ambacho mtawala alitaka kukizuia kiliendelea.

Serikali mpya ya Japani, ya Meiji, ilipoingia, Satsuma iliusaka Ubuddha wote, halali na haramu. Mahekalu 1,066 yakafutwa, halikusalia hata moja. Kwa hiyo marufuku ya Jodo Shinshu ilipoondolewa mwaka 1876, waliotoka mafichoni hawakukuta hekalu la kuingia. Kilichosalimika ni kile ambacho hakikuwamo kwenye orodha ya mtu yeyote, nacho kilikuwa katika chumba cha ndani, kikijifanya kabati la nguo.

Mji wa Kawabe, kusini mwa Kagoshima, ukawa makao ya mafundi wa kazi hii: wachongaji, wafua vyuma, wapakaji wa utomvu wa mti wa urushi, wabandikaji wa dhahabu. Mwaka 1975 butsudani ya Kawabe iliingizwa na serikali ya Japani katika orodha ya kazi za mikono za jadi. Aina yake mojawapo, ndogo, nyeusi nje na dhahabu ndani, huitwa gama. Maana yake ni pango.

Leo nyumba za mijini Japani ni finyu, na wengi huishi ghorofani. Butsudani kubwa ya dhahabu haina pa kukaa. Maduka huuza zenye sura ya fanicha ya sebuleni, mbao laini bila nakshi, na ndani yake mshumaa wa betri na ubani wenye moshi kidogo. Hakuna anayeogopa kupekuliwa. Sababu ni nafasi, na kutaka kabati liendane na makochi. Milango ikifungwa, mgeni atadhani ndimo vinamokaa vikombe vya chai.