Chimba Kwanza: Jinsi Mshono Mbovu wa Chuma Unavyoondolewa

Kwenye vibanda vya jua kali, kuanzia Daraja Mbili mjini Kisii hadi Keroka na Nyamira, kazi ya kurekebisha haikauki. Leo ni geti lililong'oka bawaba, kesho ni keria ya bodaboda iliyopasuka, keshokutwa ni stendi ya tangi iliyoanza kuinama. Mara nyingi mwenye kazi husimama kando, ana haraka: "Fundi, piga rodi mbili hapo juu, niende." Fundi anapiga, anapaka rangi, anapokea hela yake. Baada ya miezi michache chuma kinafunguka palepale.

Rodi hizo mbili hazikugusa ugonjwa. Chuma kipya kilimwagwa juu ya chuma kisichoshika, na kilichokuwa wazi chini yake kikabaki wazi. Methali inatuhimiza tuzibe ufa kabla hatujalazimika kujenga ukuta, lakini kwenye chuma kuziba tu ndiko kunakoleta hasara. Ufa lazima uchimbwe hadi uishe, ndipo ujazwe. Kuchimba huko ndiyo sehemu kubwa ya ukarabati, na ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna mteja anayeilipia.

Chukua stendi ya tangi la lita 5,000, kitu cha kawaida katika eneo hili la mvua nyingi ambako maji ya paa ni mali. Tangi likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani 5. Miguu ikiwa minne, kila mmoja unabeba tani moja na robo. Mguu wa anglaini nzito, ukisimama wima, unaweza kuumudu mzigo huo. Panapoachia kwanza mara nyingi ni kwenye vyuma vya mshazari vinavyozuia stendi isiyumbe. Vyuma hivyo huchomelewa mwisho, fundi akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umejishikilia, na upande wa nyuma haufikiwi kabisa. Mshono unakuwa mfupi na wa upande mmoja, ilhali ndio unaosukumwa na kuvutwa kila upepo unapovuma.

Kazi inayofanywa sawasawa huanza kwa kumwaga maji yote ya tangi na kuweka egemeo. Nguzo za mkaratusi hazikosekani huku, na mbili au tatu zikikazwa chini ya fremu zinatosha kuondoa uzito kwenye kiungo. Kisha rangi inakwanguliwa hadi chuma kiwe cheupe, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuupima mshono uliovaa rangi.

Hapo ndipo uamuzi unapofanyika, maana kasoro hazilingani. Ukiona mfereji mwembamba kando ya mshono, chuma kimeliwa na moto mkali: safisha vizuri, ongeza mstari mmoja mwembamba, imetosha. Vitundu vichache vya juu husuguliwa hadi viishe. Gamba la uchafu wa rodi lililonaswa katikati ya mistari miwili halitoki kwa brashi ya waya, kwa hiyo lifuate kwa grainda hadi ulipate. Mshono uliokaa juu ya chuma kama tone la nta, kingo zake zimejikunja bila kuyeyukia ndani, haukushika popote: utoe wote. Na ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hauachwi hata kidogo.

Rangi imewahi kuficha makubwa. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, na watu 123 wakafa. Wachunguzi walifuata mpasuko hadi kwenye mshono wa milimita 6 uliokuwa umeshikilia kifaa kidogo tu kwenye mhimili mmoja. Ndani ya ufa wa zamani walikuta rangi. Maana yake ni kwamba chuma kilikuwa kimeshapasuka kabla ya kupakwa, na brashi ikapita juu yake.

Kujua ufa unaishia wapi hakuhitaji maabara. Pangusa mafuta ya taa juu ya chuma kilichosafishwa, yaache dakika kumi hivi yapenye, kisha kausha kabisa kwa kitambaa na upake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Toboa tundu la milimita 3 hivi mbele kidogo ya kila ncha ya mstari huo, ili ufa usikimbie wakati wa kuchimba. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea chuma cha majengo, D1.1, inataka hata chuma kizima kiondolewe milimita 50 zaidi kupita kila ncha ya ufa. Mafuta yote yafutwe na kukauka kabla moto haujawashwa.

Katika kuchimba, wengi hushika diski nyembamba ya kukatia kwa sababu ni ya haraka. Inaacha mkato mwembamba wenye kuta zilizosimama. Rodi haifiki chini, gamba linanaswa, na kasoro mpya inazaliwa mahali pa ile ya zamani. Diski ya kusugulia, yenye unene wa milimita 6, ndiyo inayotoa shimo linalofaa: mdomo mpana, chini mviringo, kuta zimelala. Baada ya kuchimba, jaribio la chaki linarudiwa. Mstari ukitokea tena, endelea kuchimba.

Wapo wanaoongeza moto na kukata mshono kwa rodi yenyewe. Inawezekana, mradi uso uliochafuka usuguliwe baadaye hadi ung'ae. La hatari kabisa ni kufunga diski kubwa ya milimita 230 kwenye grainda ndogo iliyovuliwa kinga. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na diski hiyo haikutengenezwa kwa zaidi ya 6,600 hivi. Ikipasuka, vipande vyake vinaruka kama risasi.

Kabla ya kujaza, fundi ajiulize kwa nini mshono wa kwanza ulikataa, la sivyo atarudia kosa lilelile kwa ustadi zaidi. Sababu moja ni umeme. Kibanda kilicho mwisho wa laini, kinachotumia transfoma moja na posho mill, hupungukiwa na volti kila kinu kinapoanza kusaga. Mashine ya kuchomelea ya kienyeji inapoa papo hapo, chuma kinamwagika bila kuyeyukia, na kwa macho mshono unaonekana mzuri. Kazi inayobeba mzigo ingoje kinu kinyamaze.

Sababu nyingine ni unyevu. Rodi za E7018 hutoa mshono imara zikiwa kavu, lakini paketi ikishafunguliwa katika hewa ya Gusii, ganda la rodi hunyonya maji. Kuzianika juani hakusaidii. Zinahitaji tanuri la nyuzi zaidi ya 250 za Selsiasi. Asiye na tanuri ni afadhali atumie E6013 iliyotunzwa pakavu. Sababu ya tatu ni zinki iliyopakwa kwenye chuma: huchemka kwenye nyuzi 907, muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka, na mvuke wake hutoboa mshono. Isuguliwe yote, fundi akiwa upande upepo unakotoka. Ya nne ni chuma chakavu. Springi ya lori ina kaboni nyingi, na ukiimwagia maji ili ipoe upake rangi upesi, unaigeuza kuwa ngumu na dhaifu kama kioo.

Kujaza kwenyewe ni rahisi. Rodi ya milimita 3.2 kwenye ampia 90 hadi 130, mstari mmoja baada ya mwingine, gamba likigongwa na kupigwa brashi kila mara, na kiungo kiachwe kipoe chenyewe. Ikiwezekana, zunguka upande wa nyuma.

Mahali pengine mshono usikarabatiwe kabisa. Skwea tyubu ya geji 16 ina ukuta wa milimita 1.5 tu, na ukichimba utatokea upande wa pili. Kata kipande kibovu na uweke kingine. Vilevile, kiungo kilichokwisha kuchimbwa na kujazwa mara mbili kimechoka kwa moto, kibadilishwe. Boila, kama zile za viwanda vya majani chai vya Kebirigo na Sanganyi, si kazi ya kibanda hata kidogo: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vyombo vya mvuke vikaguliwe na watu walioidhinishwa.

Ujuzi huu haukosekani hapa. Kisii National Polytechnic inafundisha, na mitihani ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, inampa fundi cheti hata kama alijifunzia kibandani. Kinachokwamisha ni jinsi bei inavyopatanwa. Mteja huhesabu rodi, kwa kuwa ndizo anazoziona zikiisha. Saa nzima ya grainda na diski zilizolika anaziona kama mbwembwe za kuongeza bili, na fundi anayechimba kwa uaminifu anashindwa na jirani anayepiga rodi mbili juu kwa nusu ya bei.

Kwa hiyo bei itajwe sehemu mbili: ya kuondoa na ya kujaza, kila moja peke yake. Na mteja, badala ya kurudi jioni kutazama rangi, afike wakati shimo liko wazi na chaki imekaa nyeupe bila mstari. Alipe sehemu ya kwanza hapo, kisha awashe simu apige picha ya shimo. Fundi atakayekubali kupigwa picha hiyo ndiye wa kupewa kazi ya tangi.